Uwanja wa gofu umekarabatiwa, orodha ya manunuzi iko wapi?

Waliotazama Mashindano ya Dunia ya Baiskeli ya Septemba 2025 wanaujua mlima wa Kimihurura hata kama hawajawahi kukanyaga Kigali. Ndio ule wa mawe, wenye urefu wa kilomita 1.3, ambao waendesha baiskeli waliupanda raundi baada ya raundi siku ya Jumapili, Septemba 28. Katika mzunguko huohuo wa kilomita 15.1 kulikuwa na mlima mwingine, mfupi wa mita 800 tu lakini mkali zaidi. Waandaaji waliupa jina la jirani yake: Kigali Golf.

Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa wa wanaume baada ya kilomita 267.5, na katika kundi lote lililoanza ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika, na sina sababu ya kuyabeza. Barabara zilikuwa safi, milima ilionekana kwenye runinga za dunia nzima, na kwa wiki moja jina la uwanja wa gofu wa Kigali likatamkwa na watangazaji ambao pengine hawajui Rwanda iko upande gani wa Ziwa Victoria.

Nataka kuuzungumzia uwanja huo, na nataka kuuzungumzia na wewe unayevuka Rusumo, Gatuna, Kagitumba au mpaka wa Rubavu na Goma ukiwa na mzigo. Najua utasema gofu si habari yako. Wenye gofu wana yao, nawe una foleni ya forodha. Lakini nipe nafasi kidogo.

Uwanja wa gofu wa Kigali uko bondeni Nyarutarama, dakika chache kwa pikipiki kutoka Kimihurura, kule kwenye Bunge na Kituo cha Mikutano chenye kuba linalowaka taa usiku. Ulikuwa uwanja wa kizamani, wa wanachama wachache na nyasi za kawaida. Ukafumuliwa na kujengwa upya kuwa uwanja wa mashimo 18 wa viwango vya kimataifa, kwa ramani ya kampuni ya Gary Player, yule Mwafrika Kusini aliyeshinda mataji makubwa 9 ya gofu katika maisha yake. Ulifunguliwa upya mwaka 2021. Lengo halikufichwa: kupata mahali pa kuleta mashindano makubwa, na pamoja na mashindano kuleta wageni wanaolala hotelini siku nyingi na kula vizuri.

Nani alilipa? Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuinua kichwa. Mradi uko chini ya kampuni ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, chombo kinachotunza pensheni za wafanyakazi. Bodi hiyohiyo ndiyo inayosimamia Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa mwishoni mwa 2018 kwa ajili ya watu wasio na mshahara wa mwezi: wakulima, mafundi, madereva wa pikipiki, akina mama wa sokoni na wanaovuka mpaka na vikapu. Mfuko wa Ejo Heza una hesabu zake na wa pensheni una zake, tusichanganye mambo. Lakini msimamizi ni mmoja, na anayeweka akiba kwake ana haki ya kujali kama uwekezaji wa msimamizi wake unazaa au hauzai. Uwanja wa gofu usiopata mashindano ni shamba la nyasi lenye gharama ya maji.

Kwa hiyo mimi si katika wale wanaosema uwanja ungelimwa mahindi. Nautaka ufanye kazi. Nataka mashindano yaje, hoteli zijae. Swali langu ni lile ambalo mwenye duka yeyote angeuliza: mgeni akija, chakula chake kinanunuliwa kwa nani?

Tuanze na ujenzi wenyewe, kwa sababu una somo. Katika gofu, sehemu ghali kuliko zote ni lile zulia la nyasi fupi linalozunguka shimo. Kwa jicho ni nyasi tu. Chini yake kuna nyumba nzima. Vipimo vinavyofuatwa na wajenzi wengi, vilivyowekwa na shirikisho la gofu la Marekani, vinataka tabaka la kokoto la sentimita 10, kisha juu yake sentimita 30 za mchanga uliochekechwa na kuchanganywa kwa uwiano maalumu, ili maji ya mvua yashuke haraka lakini nyasi zisikauke. Chukua zulia moja la mita za mraba 500. Mchanga wake ni mita za ujazo 150. Zidisha kwa mashimo 18, unapata mita za ujazo 2,700. Kwa lori la mita za ujazo 15, hizo ni safari 180 za mchanga peke yake, bila kokoto, bila mabomba ya kumwagilia, bila ile mitego ya mchanga ambayo mchezaji akiangukia anaanza kusema na nafsi yake.

Safari 180. Lakini tuseme ukweli, mchanga si biashara ya kuvusha mpaka. Ni mzito, bei yake ni ndogo kwa tani, na mafuta ya lori yanamaliza faida kabla hujafika nusu ya njia. Mchanga utatoka machimbo ya karibu, na ni sawa. Vilevile mbegu maalumu za nyasi na mashine za kukatia hutoka mbali, kwa mikataba ambayo mfanyabiashara wa Katuna hawezi kuigusa. Wakati wa ujenzi mlango wetu ni mwembamba. Wengi tunakosea tunaposikia mabilioni ya ukarabati na kuanza kuulizana vipi tutapata kipande. Kipande chetu hakiko kwenye ukarabati. Kiko baada ya utepe kukatwa.

Fikiria mashindano ya kawaida ya gofu ya kulipwa. Huchezwa siku 4, mashimo 72. Wachezaji huweza kufika 150, kila mmoja na kedi wake anayebeba mkoba. Hao ni 300 kabla hujahesabu waamuzi, watu wa runinga, wadhamini, familia na watazamaji. Ongeza siku 2 za mazoezi. Watu 300 wakila mayai mawili kila mmoja asubuhi kwa siku 6, hayo ni mayai 3,600, yaani trei 120. Ni kifungua kinywa cha watu wachache, bila keki na bila mgeni mwingine. Sasa weka nyanya, vitunguu, parachichi, nanasi, samaki, mchele, maziwa, taulo, fulana, kofia, mifuko, mapambo, maua. Nani katika orodha hiyo hana jirani yake katika safu ya magari pale Rusumo?

Mchele wa Tanzania unapita Rusumo. Samaki wa Ziwa Victoria na ndizi za Uganda zina njia zao zinazojulikana. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki wadogo watamu, wanavuliwa pande zote mbili za maji, Rwanda na Kongo, na wanawake wa Rubavu na Goma wanaujua msimu wao kuliko mtaalamu yeyote. Bidhaa zipo na wateja wapo. Kinachokosekana ni karatasi inayosema: kati ya tarehe fulani na fulani, tutahitaji kiasi hiki, cha ubora huu, tutalipa hivi, na tutalipa lini.

Ninaposema hivi naambiwa kwamba hoteli ni biashara binafsi, huwezi kuilazimisha itangaze anayeiuzia nyanya. Sawa. Lakini mashindano makubwa si shughuli ya hoteli peke yake. Serikali inaweka fedha, jiji linafunga barabara, mashirika ya umma yanadhamini, mfuko wa hifadhi ya jamii unamiliki uwanja. Penye fedha ya umma, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina neno lake, na neno hilo liliandikwa zamani. Ibara ya 35 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema nchi wanachama zisiwabague wauzaji, bidhaa au huduma za nchi nyingine wanachama katika manunuzi ya umma. Haisemi "zikipenda". Haisemi "baada ya kumaliza wa nyumbani".

Muulize mfanyabiashara yeyote kama amewahi kuisikia ibara hiyo. Kisha muulize kama amesikia "Made in Rwanda", au "Buy Uganda, Build Uganda", au "Buy Kenya, Build Kenya". Hayo atayajua, kwa sababu yanapigiwa debe kila mahali. Kila nchi ina sera yake ya kupendelea cha nyumbani, na kila nchi ilitia sahihi kwamba haitawabagua majirani. Sina tatizo na nchi kukuza viwanda vyake. Kiwanda cha nguo cha Kigali kinahitaji mnunuzi wa kwanza, na serikali ni mnunuzi mzuri. Lakini parachichi halina haja ya kulindwa dhidi ya parachichi. Kwa vyakula vibichi, wiki ya mashindano ndiyo wiki ambayo soko la nyumbani linapungukiwa, bei inapanda, na mkazi wa kawaida wa Kimironko ndiye anayelipa tofauti. Mzigo wa jirani ukiingia wiki hiyo, mkulima wa Rwanda haumii, kwa sababu mahitaji yamezidi uwezo wake kwa muda. Anayepona ni mlaji.

Wako watakaosema kama ibara inavunjwa, nendeni Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Kweli mlango upo, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri, ila ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au akijue. Nani atafunga genge lake, apande basi mpaka Arusha, aweke wakili, kwa sababu ya kreti 40 za nyanya? Kuna pia mfumo wa mtandaoni wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha. Huo ni mwepesi zaidi na ushirika wenye simu moja nzuri unaweza kuutumia. Lakini malalamiko huja baada ya hasara. Ninachokitafuta ni kitu kinachokuja kabla.

Tuje kwenye wiki yenyewe ya baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyotupa funzo. Kuanzia Septemba 21 hadi 28, shule za Kigali zilifungwa, watumishi wa umma waliopo jijini wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana, na barabara za mzunguko zikafungwa saa za mashindano. Mpango ulikuwa wa busara kwa jiji lenye milima na barabara kuu chache. Mkazi wa jiji alipata ramani za njia mbadala mapema. Lakini ramani ya jiji huandikwa kwa ajili ya mtu anayeamka jijini. Mtu anayeamka Rubavu saa 9 usiku na ndoo za sambaza, akitarajia kufika Kigali asubuhi baada ya safari ya saa tatu hivi, swali lake si njia gani mbadala kutoka Kacyiru kwenda Remera. Swali lake ni: nikifika Nyabugogo saa 1, mteja wangu wa Kimihurura atafikaje kwangu, na samaki watasubiri mpaka saa ngapi?

Samaki hawasubiri. Mwenye simenti anaweza kulala njiani siku mbili, akapoteza posho ya dereva basi. Mwenye sambaza akichelewa saa sita amepoteza mtaji. Na mtaji huo mara nyingi si wake. Ni wa kikundi, wa mzunguko wa kila wiki, ambao wiki inayofuata ni zamu ya mwenzake.

Ndiyo maana ratiba ya mashindano makubwa ingepaswa kubandikwa mpakani kama inavyobandikwa mjini. Kwenye kila kituo cha pamoja cha mpakani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, mwezi mmoja kabla: siku hizi, saa hizi, barabara hizi zimefungwa, mzigo unaoharibika upitie huku na upokelewe pale. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Hapa ndipo lugha rasmi inapofanya kazi ya lugha rasmi. Na gharama yake ni karatasi na gundi.

Wengine watanicheka: unalilia wiki moja ya baiskeli, wakati Gatuna ilifungwa kuanzia Februari 2019 mpaka mwisho wa Januari 2022? Wakati mpaka wa Burundi na Rwanda umefungwa na Bujumbura tangu Januari 2024? Wakati Goma imepita katika yale tunayoyajua sote mwanzoni mwa 2025? Ni kweli. Mfanyabiashara wa mpakani wa ukanda huu amezoea kufungiwa kwa sababu ambazo hakuna ratiba inayoweza kuzitangaza. Aliyeishi miaka mitatu ya Gatuna haogopi baiskeli. Lakini hilo ndilo linalonifanya nisisitize. Mipaka ya kisiasa hatuna la kuifanya tukiwa sokoni. Kufungwa kwa mashindano kunajulikana mwaka mzima kabla, hadi saa na dakika. Hasara inayotokana na jambo linalojulikana mwaka mzima kabla ni uzembe, na hakuna wa kusingiziwa upande wa pili wa mpaka.

Turudi kwenye manunuzi. Tuseme orodha imetangazwa na mama wa Rusizi ameiona. Je, anaweza kuuza? Upande wa forodha ana nafuu: kwa bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa mzigo, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa ambacho hutolewa palepale mpakani bila kumlipa wakala. Dola 2,000 za mboga ni mboga nyingi. Mzigo wa hoteli moja ukigawanywa kwa siku, unaingia humo vizuri tu. Kwa hiyo ukubwa wa oda si tatizo kama mnunuzi yuko tayari kupokea kidogokidogo.

Tatizo linaanzia kwenye ankara. Hoteli ya Kigali inataka ankara ya EBM, ile ya mashine ya kielektroniki, ili matumizi yake yatambuliwe na Mamlaka ya Mapato. Ukimpelekea karatasi ya mkono, hata kama nyanya zako ni nzuri kuliko zote, mhasibu wake hana pa kuiweka. Hapa wafanyabiashara wenyewe wana kazi ya kufanya, na sitawabembeleza. Ushirika wa upande wa Rwanda uliosajiliwa unaweza kuwa mlango wa wenzao wa upande wa pili: mzigo unaingia kwa cheti rahisi, ushirika unaupokea kama mnunuzi, unauza kwa EBM. Wanaofanya hivyo wapo, wengi wao wakiwa wanawake, na wameshajua kwamba kamisheni ndogo ya ushirika ni nafuu kuliko kubaki nje ya geti la hoteli. Wale wanaoendelea kuuza mmojammoja kwa sababu hawamwamini mweka hazina, wajue kwamba hoteli pia haitawaamini.

Halafu malipo. Hili ndilo linaloua biashara ndogo kimya kimya. Wanunuzi wakubwa hupenda kulipa baada ya siku 30, 45, au 60. Kwa kampuni yenye akiba benki, siku 60 ni usumbufu. Kwa mtu anayezungusha mtaji mara mbili kwa wiki, siku 60 ni kusimama mara 17. Kuna wanaotoa mzigo kwa moyo mmoja wiki ya mashindano, wakapiga picha na magari ya hoteli, na mpaka mashindano mengine yanafika bado wanafuatilia stakabadhi. Pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria mpya: shughuli yoyote inayobeba fedha ya umma au udhamini wa shirika la umma iweke sharti katika mkataba wake na hoteli na wapishi kwamba muuzaji wa vyakula vibichi analipwa ndani ya siku 7. Ikishindikana kwa wote, basi kwa walio chini ya kiwango fulani. Fedha za simu zipo. Kinachochelewesha ni desturi ya mwenye nguvu kumkopesha asiye na nguvu shida zake.

Nimeshawasikia wanaosema haya yote ni madogo mno kwa miradi mikubwa. Nawakumbusha St Andrews, kule Scotland, unakohesabiwa kuwa ndiko nyumbani kwa gofu. Uwanja wake wa kale, ule unaoheshimiwa kuliko yote duniani, si mali ya klabu ya matajiri; ni ardhi ya umma inayosimamiwa na taasisi ya wadhamini. Na Jumapili kwa kawaida gofu haichezwi. Wenyeji wanatembea juu ya nyasi zilezile na mbwa wao na watoto wao. Mji ule umejua kwa karne nyingi kwamba uwanja ukiwa wa wageni tu, wenyeji wataacha kuulinda. Sidai kwamba Nyarutarama kufunguliwe Jumapili kwa watembea kwa miguu, ingawa lingekuwa wazo zuri. Nasema tu kwamba hata huko gofu ilikozaliwa, mambo madogo ya wenyeji hayakuonekana madogo.

Wala si Kigali peke yake inayohusika. Nairobi ina Kenya Open, mashindano yaliyoanza 1967 na ambayo tangu 2019 yamo katika ziara ya Ulaya; yamechezwa Karen, yakahamia Muthaiga, na kila mwaka viwanja hivyo hufanyiwa matengenezo kabla ya wageni. Kampala ina uwanja wake wa gofu katikati ya jiji, na kandokando yake hoteli na maduka makubwa. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN pamoja. Mwaka 2027 nchi hizohizo tatu zinaandaa AFCON, na viwanja vipya vimejengwa au vinajengwa, kuanzia Nairobi hadi Arusha na Hoima. Rwanda nayo Desemba 2024 ilitangaza kwamba inataka kuleta mbio za magari za Formula 1. Yaani kwa miaka michache ijayo, karibu kila mpaka unaoujua utakuwa na mashindano makubwa upande mmoja au mwingine.

AFCON ndiyo kubwa kuliko zote. Timu 24, nchi tatu, mashabiki wanaovuka Namanga, Busia, Malaba na Mutukula kufuata timu zao. Mipaka hiyohiyo ndiyo unayopitisha mzigo wako. Kama Jumuiya ingetaka kuonyesha kwamba Ibara ya 35 si pambo, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia: orodha moja ya manunuzi ya vyakula na huduma ndogo kwa nchi zote tatu, iliyotangazwa miezi sita kabla, iliyogawanywa katika mafungu madogo ambayo ushirika wa Busia au wa Rusizi unaweza kuyabeba, ikiwekwa katika mifumo ya zabuni iliyopo tayari. Tanzania ina NeST, Rwanda ina Umucyo, na wengine wana yao. Mifumo hiyo haizungumzi yenyewe kwa yenyewe, lakini tangazo moja linaweza kunakiliwa katika yote kwa siku moja.

Kwa upande wetu, kuna la kufanya kabla ya hapo. Kamati za wafanyabiashara wa mpakani zina vikao na maofisa wa forodha, na katika vikao hivyo huwa tunalalamikia mizani, vizuizi vya polisi na bei ya choo. Yote ni ya haki. Ila katika kikao kijacho, kiongozi wenu aende na karatasi moja yenye maswali matatu: ni mashindano gani yanakuja katika miezi 12 kila upande wa mpaka huu, barabara zipi zitafungwa na lini, na nani anayenunua chakula cha wageni. Ofisa wa forodha huenda asiwe na majibu. Aandike barua kwa wenye nayo, na nakala ibaki kwenye faili la ushirika. Wa Rusumo waanze na uwanja wa gofu wa Nyarutarama, kwa sababu uko tayari, nyasi zimeota, na mmiliki wake ana anwani inayojulikana.